Bordeaux au Bourgogne? Kuonja na kuchagua mvinyo mwekundu wa Kifaransa

Mpwa wangu alinipigia simu akiwa uwanja wa ndege wa Paris, njiani kurudi Dodoma. "Mjomba, shikamoo. Niko dukani, mbele yangu kuna chupa mbili na bei zake zinakaribiana. Moja imeandikwa Saint-Julien, nyingine Gevrey-Chambertin. Nichukue ipi?" Nikaitikia marahaba, kisha nikamuuliza: mtainywa lini, mtakuwa wangapi, na mezani kutakuwa na chakula gani? Akajibu harakaharaka kwa sababu ndege ilikuwa imeshaanza kuitwa, nikamtajia moja, akakata simu. Dakika tano hazitoshi kwa swali kama lile. Hapa naandika yale ambayo ningemwambia kama tungekaa mezani pamoja, chupa zote mbili zikiwa wazi na kila mtu ana glasi mbili mbele yake.

Nina miaka 14 nikihudumu kwenye migahawa ya Lyon, na miaka ya karibuni kazi yangu ni mvinyo peke yake: kununua, kuhifadhi, kufungua na kumshauri mteja. Ndugu na marafiki wa nyumbani huniuliza swali la mpwa wangu kwa maneno tofauti tofauti, lakini mara nyingi linarudi kwenye majina hayohayo mawili, Bordeaux na Bourgogne. Wengi wao wameshaamua moyoni kwamba Bordeaux ndiyo mvinyo wenyewe kwa sababu ni mweusi, mzito na jina lake wamelisikia. Nataka niwape sababu za kuisimamisha Bourgogne kando yake na kuipima kwa haki.

Saint-Julien ni kijiji cha Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kwenye ukingo wa kushoto wa Gironde, pale maji ya mito ya Garonne na Dordogne yanapokwenda kumwagika Atlantiki. Mvinyo wake ni mchanganyiko wa aina kadhaa za zabibu. Cabernet Sauvignon ndiyo nguzo, Merlot inaongeza unono, na mara nyingi hutiwa Cabernet Franc au Petit Verdot kidogo. Mchanganyiko huo una akili ya mkulima ndani yake. Merlot huchipua na kuiva mapema, Cabernet huchelewa, kwa hiyo mvua au baridi ikiipiga moja, huenda nyingine ikasalimika. Mwenye shamba hubadilisha vipimo mwaka hadi mwaka, kama mpishi anayeonja mchuzi na kujua leo unataka nini.

Gevrey-Chambertin ni kijiji cha Bourgogne, mashariki mwa nchi, kusini kidogo mwa mji wa Dijon, na mvinyo wake mwekundu kwa kawaida ni zabibu moja tu, Pinot Noir tupu. Mwaka 1395 mtawala wa Bourgogne, Philippe le Hardi, alitoa amri zabibu aina ya Gamay zing'olewe katika maeneo yake kwa sababu zilikuwa zinazaa sana na mvinyo wake aliuona mbovu. Pinot ikabaki. Ganda la Pinot ni jembamba, inaoza upesi ikinyeshewa, inapoteza uchachu wake jua likizidi, na hakuna zabibu nyingine ya kuifichia makosa. Cabernet ina punje ndogo zenye ganda nene. Tofauti nyingi utakazozikuta kwenye glasi zinaanzia kwenye ganda hilo, maana rangi ya mvinyo mwekundu na sehemu kubwa ya ukali wake hutoka humo.

Haya, tumimine. Glasi isijazwe, theluthi moja inatosha. Weka kitambaa cheupe au karatasi nyeupe mezani na uinamishe glasi juu yake. Saint-Julien changa ina wekundu wa zambarau iliyoiva, na katikati ni nyeusi kiasi kwamba huoni maandishi chini yake. Gevrey ina wekundu wa kung'aa, na mara nyingi utausoma mstari wa gazeti ukipitia ndani ya glasi. Hapa ndipo Bourgogne inapoonewa. Mzee mmoja wa kwetu, mgeni wa heshima, aliwahi kuniita pembeni na kuninong'oneza, "Kijana, huu si umechakachuliwa na maji?" Ilikuwa Volnay nzuri sana, mvinyo wa kijiji kingine cha Bourgogne. Nilimwomba asubiri, aonje akiwa amefumba macho, kisha aniambie tena. Rangi ya Pinot ndivyo ilivyo tangu shambani. Wepesi wake hauna uhusiano na uwezo wake wa kukaa mdomoni wala wa kuzeeka.

Jicho ulitumie kwa kazi nyingine, nayo ni umri. Angalia ukingo wa mvinyo, pale unapokutana na glasi. Mvinyo mchanga una ukingo wa zambarau au waridi. Kadiri miaka inavyokwenda ukingo unageuka rangi ya tofali la kuchoma, halafu wa kahawia. Bourgogne huanza safari hiyo mapema, kwa hiyo usishtuke ukiona utofali kwenye Gevrey ya miaka kumi wakati Saint-Julien ya mwaka uleule bado ina damu. Yale machozi yanayoteremka kwenye kuta za glasi, ambayo watu hupenda kuyasifia, yanakuambia zaidi kuhusu kileo kilichomo. Ubora hausomwi pale.

Tena jicho hudanganya. Mwaka 2001 lilichapishwa jaribio lililofanywa Bordeaux na Frédéric Brochet pamoja na wenzake wawili, ambapo wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Waliueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Watu hao walikuwa wamesomea kazi hiyo, na pua zao zilifuata macho. Ndiyo maana nikilinganisha chupa mbili kwa ajili ya kununua, harufu ya kwanza naivuta nikiwa nimefumba macho.

Pua ndipo penye utajiri wote, na ndipo ndugu zangu wengi wanapokata tamaa. Wanasoma maelezo ya Kifaransa, wanakuta cassis, violette, sous-bois, na kwa kuwa hawajawahi kuyanusa matunda na misitu hiyo, wanadhani pua zao zina kasoro. Mimi pia nilihangaika na msamiati huo mwaka mzima. Nilifunguka siku nilipoacha kutafuta matunda ya watu na kuanza kuuliza harufu hii nimeikuta wapi maishani mwangu. Cassis sikukua nayo. Zambarau nilikua nazo, midomo na mashati yetu yote yakiwa na madoa yake msimu ukifika.

Vuta kwanza bila kutikisa glasi. Kisha izungushe taratibu, hewa iingie, uvute tena. Wafaransa huita pua ya kwanza na pua ya pili.

Kwenye Saint-Julien utakutana na matunda meusi: zambarau, forosadi zilizoiva sana. Nyuma yake kuna penseli iliyochongwa sasa hivi, ile harufu ya mbao na risasi iliyokuwa darasani asubuhi. Hiyo ni alama ya ukingo wa kushoto, nami nikiinusa mahali pengine popote naikumbuka Saint-Julien na jirani yake Pauillac. Kuna tumbaku kavu. Kama zabibu hazikuiva vizuri utasikia pilipili hoho mbichi iliyokatwa, nayo ni harufu ya Cabernet yenyewe, kwa kuwa zabibu hiyo na hoho vina kemikali za jamii moja. Ikiwa kidogo inachangamsha. Ikitawala, mwaka ulikuwa wa baridi au mkulima aliwahi kuvuna.

Halafu kuna karafuu. Mapipa ya mwaloni ambamo mvinyo huu hulala, lita 225 kila moja kule Bordeaux na lita 228 kule Bourgogne, huchomwa ndani kwa moto kabla ya kutumika, na mbao hizo hutoa kitu kilekile kinachoipa karafuu harufu yake, eujenoli. Mtu aliyelelewa Pemba, karafuu zikianikwa kwenye majamvi kando ya barabara msimu mzima, ana pua iliyofunzwa kuliko wengi ninaowahudumia hapa. Atakuambia pipa lilikuwa jipya au la kabla mwenyeji hajamaliza kutikisa glasi. Vanila nayo hutoka humohumo kwenye pipa. Mvinyo ukinukia vanila na karafuu tupu, tunda likiwa limejificha nyuma, ama ni mchanga mno au pipa limeuzidi nguvu. Bei kubwa haibadilishi hilo.

Sasa hamia kwenye Gevrey. Matunda ni mekundu: stroberi, forosadi ambazo bado hazijageuka nyeusi, cheri kwa aliyewahi kuila. Kuna ua waridi, lile la marashi yanayonyunyiziwa wageni harusini. Ikishazeeka kidogo unakuja uyoga, unakuja udongo wa shamba mvua ya kwanza ikishaupiga, yanakuja majani makavu yaliyolowa. Gevrey hasa huwa na kitu cha kinyama ndani yake, kama ngozi ya mkoba mpya, ambacho Chambolle-Musigny, kijiji cha karibu tu, hakina. Chambolle ni maua. Ni mwendo wa dakika chache kwa gari, zabibu ni ileile, na mvinyo ni mwingine.

Nieleze jioni moja, kwa sababu tofauti ya hawa wawili iko kwenye saa kuliko kwenye orodha ya harufu. Niliketi na glasi mbili baada ya kazi, jiko limeshafungwa. Mwanzoni Bordeaux ilikuwa imejifunga kabisa, mbao na wino. Bourgogne ilikuwa imefunguka, stroberi tele. Baada ya dakika 15 stroberi zilikuwa zimepungua na waridi limechukua nafasi. Dakika ya 30 nikasikia chai ya majani makavu, halafu kitu kama ganda la chungwa lililokaushwa juani. Bordeaux wakati huo ndiyo kwanza ilikuwa inaachia zambarau. Baada ya muda wa saa moja na nusu, Bordeaux ilikuwa imesimama, pana, kila kitu mahali pake, na ikabaki hivyo hadi tone la mwisho. Bourgogne ilikuwa imeshapita nyuso nne na ilikuwa inaaga. Nilijifunza usiku ule kwamba Bordeaux huwa naisubiri, na Bourgogne huwa naifuata.

Kuhusu kumimina kwenye jagi la kioo kabla ya kunywa, jibu linatoka hapo hapo. Saint-Julien changa nipe saa moja au mbili ndani ya jagi. Iliyozeeka nayo hupitishwa kwenye jagi polepole, ili mashapo yabaki chupani. Gevrey naifungua na kuiacha ijifungulie kwenye glasi pana yenye tumbo. Ukiipigisha hewa nyingi mapema unapoteza sehemu nzuri ya hadithi kabla wageni hawajakaa.

Kasoro zinazonuka uzijue pia, maana kuchagua ni pamoja na kukataa. Harufu ya boksi la karatasi lililolowa, au gunia lililovunda stoo, ni ugonjwa wa kizibo, hauponi kwa hewa wala kwa kusubiri, na unaipata Bordeaux na Bourgogne bila kuchagua. Njiti ya kiberiti iliyowashwa sasa hivi mara nyingi hutokea kwenye Bourgogne changa, nayo huondoka ukizungusha glasi. Zizi la farasi huonekana kwenye baadhi ya chupa za zamani za Bordeaux. Wapo wanaolipenda likiwa kwa mbali. Mimi likifunika tunda narudisha chupa. Niliwahi kununua chupa mbili za sikukuu kwa fedha yangu, zote zikanuka boksi, na mwenye duka akanijibu kwamba ndivyo mvinyo wa zamani unavyonukia. Sivyo. Weka risiti, rudisha kizibo, na ushikilie neno lako kwa adabu.

Mdomoni Kiswahili kinatusaidia sana kwa sababu tuna neno ukakasi. Kula bibo la mkorosho, au ndizi isiyoiva, au kunywa chai ya rangi iliyosahaulika jikoni: kile kinachokaza ulimi na kukausha fizi ndicho Wafaransa wanachokiita tanini. Bordeaux imejengwa juu yake. Usiuogope ukakasi, upime ulivyo. Sukuma ulimi kwenye kaakaa. Je, unahisi gunia la katani au kitambaa cha mahameli? Saint-Julien nzuri hata ikiwa changa ina ukakasi mwingi lakini laini, unaokaba pande zote sawasawa. Ile hafifu inakwaruza mbele ya fizi tu, na katikati ya mdomo hakuna kitu.

Bourgogne hushikiliwa na uchachu. Baada ya kumeza, inamisha kichwa kidogo: ukihisi mate yanajaa pembeni mwa ulimi, uchachu upo na unafanya kazi. Gevrey ina ukakasi zaidi ya majirani zake wengi, ila bado ni uzi mwembamba ukiulinganisha na wa Bordeaux. Mtu aliyezoea uzito hudhani hakuna kitu, mpaka ahesabu sekunde. Nami nakusihi uhesabu, kwani hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Meza, kisha hesabu kimyakimya muda ambao ladha, sio ukali wala joto la kileo, bado iko nawe. Wafaransa wana neno lake, caudalie, ambayo ni sekunde moja. Mvinyo wa kawaida unakuaga katika sekunde tatu au nne. Mvinyo mkubwa, wa upande wowote, bado unazungumza baada ya kumi na zaidi. Nimeshaona Bourgogne ya rangi ya juisi ikiipita Bordeaux nyeusi tii kwa sekunde nyingi.

Tuje kwenye karatasi ya chupa, maana dukani hakuna anayekuonjesha.

Bordeaux hupanga wenye mashamba. Mwaka 1855, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris chini ya Napoleon III, madalali wa Bordeaux waliorodhesha mashamba bora ya mvinyo mwekundu katika ngazi tano kufuatana na bei zilizokuwa zikilipwa sokoni. Orodha ile bado inatumika, leo ina majina 61, na badiliko kubwa pekee la ngazi ni shamba la Mouton kupandishwa hadi ya kwanza mwaka 1973. Saint-Julien haina hata shamba moja la ngazi ya kwanza, lakini ina 11 ndani ya orodha, matano yakiwa ya ngazi ya pili, kwa kijiji kidogo tu. Kwangu mimi ndicho kijiji cha kuaminika kuliko vyote vya ukingo ule. Ng'ambo ya mto, Saint-Émilion ina orodha yake iliyoanza mwaka 1955 na hupitiwa upya takriban kila miaka kumi. Pomerol haina orodha kabisa, na baadhi ya chupa ghali kuliko zote za Bordeaux zinatoka huko.

Bourgogne hupanga ardhi. Chini kabisa kuna mvinyo wa jimbo, juu yake wa kijiji, kisha premier cru, na kileleni grand cru, ambazo ni 33 tu. Watawa wa Cîteaux, ambao nyumba yao ilianzishwa mwaka 1098, walikuwa miongoni mwa waliolima Côte d'Or, mteremko wa mizabibu wa Bourgogne, karne kwa karne na kuonja kipande kwa kipande, na mipaka ya vipande hivyo, 1,247 kwa hesabu, iliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2015. Mfano mzuri ni Clos de Vougeot: shamba la watawa lenye ukuta, hekta 50 hivi, ambalo leo lina wamiliki wapatao 80. Mirathi ya Kifaransa hugawa kwa watoto wote, na vizazi vikipita mtu anabaki na mistari michache ya mizabibu. Wote wanaandika jina lilelile kwenye chupa. Mmoja ni fundi, mwingine mvivu.

Kwa hiyo ukiwa Bordeaux tazama jina la shamba na mwaka. Ukiwa Bourgogne jina la mtengenezaji ndilo la kwanza, lililoandikwa kwa herufi ndogo mara nyingine, kisha kijiji, kisha mwaka. Na kuna mtego ambao mpwa wangu alikuwa karibu kuuingia. Kijiji cha Gevrey kilijiongezea jina la shamba lake mashuhuri mwaka 1847, kikawa Gevrey-Chambertin. Chupa iliyoandikwa Gevrey-Chambertin peke yake ni mvinyo wa kijiji. Iliyoandikwa Chambertin tu ni grand cru, na bei yake ni ya kuuza ng'ombe. Muuzaji asiye mwaminifu hufurahi sana mteja anapozichanganya.

Fedha nayo iamue. Kwa yuro 15 hadi 30 Bordeaux haina mpinzani: tafuta majina ya maeneo kama Haut-Médoc, Moulis, Fronsac, Castillon, au chupa yenye maneno Cru Bourgeois, utapata mvinyo wa kweli wenye kiunzi. Kwa kiasi hicho Bourgogne ya vijiji maarufu karibu haipo, na ikiwepo itilie shaka. Ukiitaka Pinot kwa bajeti hiyo teremka kusini kidogo, utafute Givry au Mercurey. Ukifika yuro 60, mizani inakaa sawa, na hapo ndipo mpwa wangu alipokuwa amesimama. Nikiwa mkweli, fedha yangu mwenyewe ikiwa na nafasi huenda Bourgogne. Nimekua nikitazama mizabibu ya Dodoma, ambayo huvunwa mara mbili kwa mwaka, na siku ya kwanza nilipoiona Côte d'Or mwezi Januari, mashina meusi yamelala kwenye baridi yakingoja mavuno moja tu, nilielewa kwa nini watu wa pale hawaharakishi kitu. Hayo ni mapenzi yangu. Ushauri wa meza ya mtu mwingine ni kitu kingine.

Kwa mezani, kumbuka kwamba ukakasi hushikana na protini. Nyama yenye mafuta huulainisha, ndiyo maana Bordeaux na mbuzi wa kuchoma ni ndugu wa damu, kama Wafaransa wanavyoila na kondoo wa Pauillac. Pilipili kali huufanya ukakasi na kileo viunguze zaidi, kwa hiyo pilau yenye kachumbari ya pilipili ninaielekeza kwa Pinot iliyopoa, au pilipili ikae pembeni. Bourgogne ni ya kuku wa kienyeji, bata, uyoga, na nyama ya ng'ombe iliyopikwa saa nyingi kwa moto mdogo. Samaki na Bordeaux viache mbalimbali, mdomo utabaki na ladha ya chuma. Jodari wa kuchoma anaikubali Pinot vizuri.

Wingi wa watu pia. Watu wanane wanaozungumza kwa furaha, wakicheka na kupokezana sahani, hawatamsikiliza Gevrey anayenong'ona. Watamsikia Saint-Julien. Wawili wenye jioni nzima, simu zikiwa zimezimwa, nitawapa Gevrey bila kusita.

Na muda. Saint-Julien ya shamba lililo kwenye orodha inaanza kusema baada ya miaka minane au kumi, na zilizo bora hupita 20 bila taabu. Gevrey ya kijiji naipenda kati ya miaka minne na minane. Miaka ya kuitafuta Bordeaux ni 2016 na 2019. Ya 2013 ilikuwa dhaifu. Kule Bourgogne 2015, 2019 na 2020 ilikuwa ya jua na matunda yameiva vizuri. Mwaka 2021 baridi ya Aprili iliunguza machipukizi, na Bourgogne ilipata mvinyo kidogo sana.

Mpwa wangu alinijibu hivi kabla ya simu kukatika: ni sikukuu ya ndoa ya wazazi wake, Desemba, watu wanane, baba atachinja mbuzi. Nikasema Saint-Julien, ile ya 2016.

Jana nimemtumia ujumbe wa maelekezo, nao unafaa kwa yeyote anayepeleka chupa nyumbani. Ilalie ubavu kabatini, mbali na jiko na dirisha, na isikae hata saa moja kwenye buti la gari juani. Ipumzike wiki moja au mbili baada ya safari. Msemo kwamba mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba ulitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya zenye ubaridi, hauhusu sebule ya Dodoma mwezi wa Desemba. Bordeaux inataka nyuzi 16 hadi 18, Bourgogne 14 hadi 16. Kwa hiyo siku yenyewe isimamishe tangu asubuhi ili mashapo yatue, iingie kwenye friji dakika 40, uifungue saa moja kabla mbuzi hajatoka motoni. Mpe mama yako glasi ya kwanza, na umwombe aivute akiwa amefumba macho.